Mpishi Mkuu Haonji

Ukifika Munje ukala wali wangu, halafu ukausifu, yupo mtu atakayekujibu kabla sijafungua kinywa: "Ah, huo ni mkono wa shangazi yake." Wanalisema kwa wema, najua. Zamani nilikuwa naliinamia neno hilo kichwa, nikisema kweli, ni mkono wake, mimi nani. Siku hizi linanikera, na kero yangu siifichi. Nywele zimekuwa nyeupe, nimepika harusi za watu ambao leo wanaoza wajukuu, na bado naambiwa mkono si wangu! Juzi kasichana kamoja, kamezaliwa jana tu, kamekula wali wangu hadi kakalamba vidole, kisha kakaniambia hilohilo. Nikasema basi, imetosha. Nina ruhusa ya kulisema jambo hili, na ruhusa yenyewe nitaieleza nikifika huko.

Mimi ni mtoto wa Bodo. Niliolewa mdogo, nikaachwa ningali mdogo, kwa sababu miaka ilikwenda na mtoto hakuja. Mume wangu hakunipiga wala hakunitukana. Alinipa talaka asubuhi, nimeshika ufagio, kisha akaenda zake shamba. Nikarudi kwa baba, ambako kulikuwa na mke mwingine na watoto wake, na kila nilipokaa nilikuwa nimekaa mahali pa mtu. Ndipo akaja shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, kutoka Munje. Alipewa mkeka, akanywa maji, akasema, "Huyu namchukua." Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Nilifunga leso zangu nikamfuata, na njia nzima najiambia: umeokotwa kwa huruma, kwa hiyo ujue adabu yako.

Hiyo ni miaka ya hamsini, siku za Mwingereza. Bara kulikuwa na mapigano ya msituni, na sisi tulikuwa tunayasikia kwa wapita njia tu. Huku kwetu habari kubwa ilikuwa nani anaoa, nani amefiwa, na nani atapika. Na wa kupika alikuwa shangazi. Harusi, arobaini, maulidi, kote Munje na Msambweni na hukohuko Bodo, mtu hakutangaza siku kabla ya kupita kwake na kumwuliza kama ana nafasi.

Alikuwa mwanamke mnene wa kukaa. Alikaa kwenye kigoda chake katikati ya ua, leso ameikaza kiunoni, na hapo alipokaa ndipo palipokuwa jikoni. Wanawake wengine huku wanachagua mchele kwenye nyungo, kule wanakuna nazi kwenye mbuzi, wengine wanakamua tui kwa vifumbu mpaka mikono inakunjamana. Yeye anaangalia. Akisikia sufuria inavyochemka anajua moto umezidi upande gani. "Huko kwa mashariki, toeni kijiti kimoja." Mnatoa, na wali unatulia. Jambo hilo sijaona mtu mwingine akiliweza kwa sikio, mpaka nilipoliweza mimi, tena yeye ndiye aliyenifundisha.

Lakini haonji. Hapo ndipo watu walipokuwa wanashangaa. Hatii kidole kwenye tui, halambi mwiko, hamezi hata punje mpaka wageni wameshiba na kunawa. Aliyeuliza aliambiwa hivi: "Mpishi mkuu haonji. Anaonjewa." Basi wenzangu, neno hilo lilienea! Watu waliliona ni adabu ya juu kabisa ya kazi, kama imamu kutogeuka nyuma akiswalisha. Wapishi wengine nao wakaanza kuacha kuonja ili nao waonekane wakuu. Kuna mama mmoja jirani yetu aliyepika maulidi kwa mtindo huo, na watu wakala wali chapwa, hauna chumvi hata ya kuapia. Walinyamaza kwa heshima ya siku yenyewe, lakini wakienda nyumbani walikuwa wanacheka njiani.

Shangazi hakuwahi kupatikana na aibu hiyo, kwa sababu alikuwa na mimi. Tui likishatiwa chumvi aliniita, "Mwanangu, nionjee." Nilitoneza tui kwenye kiganja, nikalamba.

"Bado, shangazi."

"Bado kiasi gani?"

"Konzi moja. Konzi moja na nusu."

"Haya."

Ni hilo tu, haya. Hakuniambia nimepatia, wala hakuniambia nimekosea. Mimi nilijua ananitahini. Nilijua jibu analo tayari, na anangoja siku nitakayokosea anirudishe Bodo kwenye mahali pa watu. Miaka ilipita nikionja namna hiyo, kwa hofu, na kila wali ulipotoka mzuri nilishusha pumzi nikasema, Alhamdulillahi, leo pia hawajanijua.

Nilisema hivyo kila mara: hawajanijua. Wakati mwingine shangazi alivimba miguu, akanituma peke yangu. Nilikwenda, nikapika, watu wakala wakashukuru, na mimi nikawa nasikia kama nimeiba kitu na kukificha chini ya leso. Mtu akisema "umepika," nami najibu haraka, "Aa, nimebahatisha tu, ni maelekezo ya shangazi." Halafu nachukua sahani moja, naifunika, nampelekea nyumbani aile, nasimama mbele yake kama mtoto wa chuoni. Anakula tonge mbili, tatu. "Haya," anasema. Hapo ndipo nilipokuwa naamini kuwa wali umeiva. Midomo ya wageni wote haikunitosha, mpaka nipate haya ya shangazi.

Na walikuwapo walionisaidia kujidharau, tusifichane. Kwetu kulikuwa na wanawake walioshikilia kwamba mwanamke aliyeachwa hashiki mwiko wa harusi, eti nuksi yake itaingia kwenye wali, iende mpaka chumbani kwa bibi harusi. Kukuna nazi akune, kuchota maji achote, kuosha vyombo ndiyo kabisa, aoshe. Mwiko asishike. Shangazi alikuwa anawaambia, "Mwiko ni wangu, yeye ni mkono tu." Alikuwa ananitetea, nami nilishukuru. Lakini lisikilize vizuri neno lenyewe: mkono tu.

Sasa nifike Msambweni.

Kulikuwa na harusi ya nyumba kubwa, watu wa kujiweza, na walioalikwa ni mji mzima na vijiji vyake. Mkuu wa ua kwa upande wa wanawake alikuwa mama mkubwa wa bibi harusi, dada wa mamake. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alipotuona tunaingia alfajiri na kigoda chetu, alimpa shangazi mkono, "Shikamoo, karibu sana," kisha akanitazama mimi kuanzia kisiginoni.

"Na huyu ndiye yule aliyeachwa?"

"Huyu ndiye mtoto wa kaka yangu," shangazi akasema.

"Atakaa upande wa maji, basi. Mwali wangu namtakia heri."

Na shangazi, ambaye siku nyingine angejibu, akaketi. Alikuwa amechoka, miguu inamwuma. Aliniambia kwa chini, "Usijali. Mimi nipo. Ila nimesikia wanasema hii itakuwa harusi yangu ya mwisho kubwa, mwakani watatafuta mtu wa Mombasa. Wali wa leo ukitoka vizuri, nitawaambia mbele ya wote kwamba baada yangu ni wewe. Ukitoka vibaya, mwanangu, hakuna tena mimi wala wewe."

Mimi badala ya kufurahi niliingiwa na baridi. Nilisema moyoni: leo ndiyo siku yenyewe, leo watanijua.

Tukaletewa chai, birika zima, mimi na yeye tu, maana wengine walikuwa wamekwisha kunywa. Nilipiga funda moja. Haikuwa na sukari. Si kwamba ilikuwa kidogo, haikuwamo kabisa, katika purukushani ya asubuhi mtu alisahau kuitia. Lakini ugenini huombi sukari, hasa ukiwa umeshaambiwa ukae upande wa maji. Nikanywa kimya, nikitazama chini. Shangazi alimaliza kikombe, akajifuta midomo kwa ncha ya leso.

"Nyumba ya watu wa kujiweza hii," akaniambia. "Chai imetiwa sukari mpaka inanata."

Nilimtazama. Nikadhani anawakejeli wenyeji. Shangazi alikuwa na kejeli za taratibu, huwezi kujua. Nikacheka kidogo, na yeye hakucheka.

Nikaenda kwenye maji. Kisima chao kilikuwa upande wa chini, si mbali na ufuo. Siku zile zilikuwa za bamvu, bahari inapanda juu kuliko kawaida yake, na mtu yeyote wa pwani anajua kuwa visima vya karibu na bahari huingiwa na chumvi wakati huo. Anajua, ndiyo, lakini wa kisima chenyewe hawasikii tena, kwa sababu ndiyo maji yao. Mtu huzoea maji yake kama anavyozoea harufu ya nyumba yake. Nilichota kata moja, nikanywa. Yalikuwa na chumvi, si ya kutapisha, lakini ilikuwamo. Na ndiyo maji yaliyokuwa yametumika kukamulia nazi zote zile, tui limekwisha jaa masufuria ya msikiti, makubwa, mtu anaweza kuogeshwa ndani.

Nilirudi kwa shangazi, nikamwinamia sikioni. "Shangazi, maji yana chumvi. Tukitia chumvi yetu ya kawaida, wali utakuwa hauwekeki mdomoni."

Masikio ya yule mama mkubwa nayo yalikuwa yanafika mbali kama sauti yake. "Maji gani yana chumvi? Maji yetu? Lahaula! Tumeyanywa tangu kuzaliwa! Umetoka Bodo kwenye mikoko, uje utufundishe maji?"

Wanawake wakacheka ua mzima. Hata waliokuwa wanakuna nazi za mchuzi walisimamisha mbuzi zao wacheke vizuri.

Shangazi akanyoosha mkono. "Leteni kata." Wakamletea maji. Akanywa funda kubwa, akalitembeza mdomoni, akafumba macho kidogo kama anafikiri, akameza.

"Maji matamu," akasema. "Chumvi ni ileile ya siku zote. Mwanangu, nenda katie."

 Nilikuwa nimeshika bakuli la chumvi, limejaa kiasi cha siku zote, na nakwenda kwenye sufuria na kicheko kiko mgongoni. Nilijiambia, umeona? Ulimi wako ni wa kijingajinga. Mwenyewe amesema maji matamu, wewe nani? Amekunywa akasema matamu, kama vile chai alivyosema...

Nikasimama.

Chai. Chai isiyo na sukari, inayonata kwa sukari. Maji yenye chumvi, matamu. Mpishi mkuu haonji, anaonjewa. Bado kiasi gani, mwanangu? Konzi moja au moja na nusu? Haya. Haya. Haya. Wallahi, niliyaona yote kwa mara moja, miaka yote, nimesimama pale na bakuli mkononi na moshi unaniingia machoni. Shangazi yangu hakuwa ananitahini. Shangazi yangu alikuwa ananiuliza, kwa sababu hajui. Ulimi wake ulikuwa umekufa. Wali wote ule walioula watu wa Munje na Msambweni, wakausifu mpaka kwa majina ya Mungu, chumvi yake ilikuwa imepimwa na ulimi mmoja tu, na ulimi huo ulikuwa kinywani mwangu.

Na sahani zile nilizokuwa nampelekea akizifunua, akila tonge mbili tatu, akisema haya! Nilikuwa natetemeka mbele ya mtu asiyejua kama anakula wali au anakula makumbi ya nazi.

Nilipandwa na hasira. Nasema hivyo bila haya, kwanza ilikuwa hasira, huruma ilikuja nyuma yake. Nikachukua konzi chache za chumvi, kama sehemu moja ya kumi ya bakuli, nikatia kwenye sufuria ya kwanza, nikakoroga, nikatoneza kiganjani, nikalamba. Imekolea. Nikatia ya pili kadiri hiyohiyo, na ya tatu. Bakuli, lenye chumvi nyingi bado ndani, nikaliweka chini mbele ya watu wote.

"Chumvi imetosha," nikasema.

 Yule mama mkubwa akasogea. "Imetosha kwa amri ya nani? Mpishi wako si amesema?"

"Amesema. Na mimi nimeonja."

"Mwanangu," shangazi akaita kutoka kwenye kigoda, na sauti yake ilikuwa kali. "Nimekwambia tia chumvi yote."

"Hapana, shangazi."

Sikuwahi kumwambia hapana. Si shangazi tu, sikumbuki kumwambia mtu mzima yeyote neno hilo, hata mume aliyenipa talaka nilimwambia haya. Lilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mchele ulikuwa umeoshwa, unangoja kwenye vikapu, na ukishaingia kwenye tui hakuna wa kuutoa. Mimi na kina mama wote tulijua kwamba hapo ndipo ilipo harusi.

"Ehee!" yule mama mkubwa akapiga makofi. "Mnaona nuksi hiyo? Mnaona? Nilisema mimi! Basi hakuna maneno. Shangazi mtu yupo hapa, aonje yeye mwenyewe. Leo aonje! Lete kiganja, mama, toneza, utuambie nani mkweli."

Na wanawake wote, "Ndiyo, aonje! Aonje!"

Shangazi akainua kichwa. "Mpishi mkuu haonji," akasema.

"Leo aonje, dada yangu. Harusi ya mwanangu hii."

Akatonezewa tui kwenye kiganja. Kile kiganja kilikuwa kinatetemeka. Aliangalia lile tone kama mtu anayeangalia kisima usiku. Kisha akaniangalia mimi. Na mimi niliijua ile sura! Niliijua kuliko mtu yeyote ulimwenguni, kwa sababu ilikuwa yangu. Ndiyo sura niliyokuwa nayo kila aliponiita nionje. Ilikuwa inasema: leo watanijua. Yeye, mkuu wa wapishi wote, na kigoda chake, alikuwa anaogopa vilevile kama mimi, na pengine zaidi yangu, na miaka yote hiyo tumekaa jiko moja tunaogopana.

Ningeweza kumwacha. Ningesema, mwacheni aonje, halafu mumwulize maji yana nini. Wangenijua mimi nani, siku hiyohiyo. Lakini mtu aliyekutoa kwenye mahali pa watu humvui leso mbele ya watu.

Nikamkamata mkono, nikaugeuza kile kiganja, tui likamwagika chini.

"Mpishi mkuu haonji," nikasema, na safari hii nilitaka sauti iwe kubwa. "Anaonjewa. Shangazi ni mkuu, hamwonjei mtu. Na wali huu wa leo mpishi wake mkuu ni mimi. Ndiyo, mimi, niliyeachwa. Ukiharibika, msimlaumu yeye wala msiilaumu nuksi, nilaumuni mimi, na mwiko sitaushika tena mpaka nafukiwa. Sasa nahitaji mtu wa kunionjea." Nikachota tui kwa upawa, nikamwendea yule mama mkubwa, nikasimama mbele yake. "Wewe. Wewe ndiye mwenye harusi. Toa kiganja unionjee."

Alinitazama. Nilidhani atanipiga kofi. Lakini watu walikuwa wengi, na alikuwa ametaka mwenyewe tui lionjwe. Akatoa kiganja. Akalamba.  Akalamba tena, pole pole, na uso wake ukawa unafanya kazi.

"Imekolea?" nikamwuliza.

"Sasa... hii ni kabla ya kutia chumvi yote?"

"Nakuuliza, imekolea?"

"Imekolea," akasema.

"Umesikia, shangazi? Nimeonjewa." Nikageuka kwa wanawake. "Haya, kina mama, mchele."

Ukaingia mchele.

Nilipika siku ile nikiwa nimeshika mwiko mwenyewe, hakuna aliyenirudisha upande wa maji. Shangazi hakusema neno mpaka wali ulipokaribia kukauka, aliposikia moto na kuniambia, "Upande wa mashariki," nami nikasema, "Nimesikia, natoa," kwa sababu kweli nilikuwa nimesikia. Tukapalia makaa juu ya vifuniko. Adhuhuri watu wakala. Nyumba za jirani zilituma mabakuli mara ya pili. Yule mama mkubwa hakuniomba radhi, wala sikumngoja aniombe, ila kabla ya kupakua, alipopita karibu yangu, alinitupia neno: "Nyama ya mchuzi nayo uitazame chumvi yake, maji ni yaleyale." Nilicheka mpaka nikapaliwa na moshi.

Na shangazi alitimiza alilosema. Alisimama, kwa taabu ya miguu yake, akawaambia wanawake kwamba baada yake ni mimi. Lakini mimi nilikuwa nimeshalisema kabla yake.

Tulifika Munje alasiri. Nikaketi jikoni nasugua mwiko, naye kwenye kigoda.

"Umejua lini?" akauliza.

"Kwenye chai."

"Chai ilikuwaje?"

"Haikuwa na sukari."

"Hata chembe?"

"Hata chembe."

Alicheka, mwili mzima ukatikisika, mpaka machozi yakamtoka, na baadaye sikujua tena kama anacheka. Akaniambia ilikuwa homa, mwaka mmoja kabla hajaja Bodo kunichukua. Mwili ulipona, kinywa hakikupona. Chumvi, sukari, ndimu, harufu ya karafuu, vyote vilikwenda na homa ile havikurudi. Alikuwa na jina, hana mume, hana mtoto, hana shamba. Jina ndilo lililokuwa linamlisha. Basi akatunga lile neno la mpishi mkuu, na watu wakalipenda. Na maji ya leo aliyaita matamu kwa sababu ua mzima ulisema ni matamu, akaogopa kusema kinyume chao halafu aulizwe yakoje.

Nikamwambia yaliyokuwa moyoni. "Shangazi, umenifanya nitetemeke miaka. Nilikuwa najiona mwizi. Nimekataa kila sifa ya mtu, nikasema ni bahati, ni wewe. Na wewe ulikuwa unajua! Neno moja tu ungeniambia. Umepatia, mwanangu. Lingekupunguzia nini?"

"Ungejua thamani yako ungeniacha," akasema. "Na mimi ningebaki na nani?"

 Hata leo hilo silo jibu la kumtosha mtu, na siku ile sikumsamehe, mjue hivyo. Nilimsamehe baadaye, kidogo kidogo.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. "Unadhani nilikuja Bodo kwa kukuhurumia?"

"Ulikuja kwa nini?"

"Ulipokuwa mtoto mdogo, nilikuja kupika msiba kwenu. Ukapewa wali, ukausukuma, ukasema una moshi. Mamako akakufinya, akasema mtoto huyu ana deko. Wakati huo ulimi wangu upo. Nikaonja tena, mara mbili. Moshi ulikuwamo kweli, kwa mbali sana, mimi mwenyewe ulinipita. Hakuna mtu mzima aliyeupata, umeupata wewe. Sasa nilipopatwa na ugonjwa huu, niliwapitia kichwani watu wote ninaowajua, nikatua kwako. Lakini ulikuwa na mume. Nikakaa. Halafu nikasikia umeachwa." Akajifunika uso kwa leso. "Nilimshukuru Mungu, mwanangu. Astaghfirullah. Watu wanalia umeachwa, mimi nilimshukuru Mungu."

Ningeweza kumrushia ule mwiko. Badala yake nilijikuta nacheka, kwa sababu miaka yote hiyo nilidhani nimeokotwa, kumbe nilikuwa nimetafutwa.

Tukakubaliana siku ile. Mimi nilisema sitamletea tena sahani ya kuithibitisha, wali wangu nikisema umeiva, umeiva. Naye aliniomba moja. "Niache nife na jina langu. Nina haya. Lakini nikishafukiwa, waambie. Waambie wote kwamba chumvi ilikuwa yako."

Alipofariki sikuwaambia. Nilimpenda, ndiyo sababu, na kila nilipotaka kusema nilikiona kile kiganja kinatetemeka. Watu wakaendelea na lao la mkono wa shangazi yake, nami nikawaacha, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa kama deni lake nimelifukia mimi. Lakini yeye hakuniomba ninyamaze milele. Aliniomba niseme.

Basi nawaambia. Moto ulikuwa wake, na sikio la moto ni lake, amenirithisha, Mungu amlaze pema. Chumvi ni yangu. Ilikuwa yangu tangu siku niliyofika Munje na leso zangu nikidhani nimeokotwa. Na wewe kasichana wa juzi, uliyelamba vidole vyako, njoo kesho kutwa, nina arobaini ya kupika. Leta kiganja, unionjee.